Maneno ya Siku Zile

Liko jambo tulilolifundisha miaka minne, kisha mama mmoja akatuonyesha kwa swali moja kwamba tulilifundisha vibaya. Leo twataka kulirudia, kwa sababu tunaamini si sisi peke yetu tuliolifundisha hivyo.

Katika parokia yetu wachumba wanaojitayarisha kwa ndoa hukusanyika Jumamosi mchana, chini ya mwembe ulio nyuma ya kanisa. Kati ya masomo yao liko lile la njia ya asili ya kupanga uzazi. Humo hujifunza jinsi mwezi wa mwanamke unavyokwenda: siku za damu, siku za ute, siku yai linapotoka, na zile siku kumi na nne hivi zinazofuata mpaka damu irudi. Ni somo jema, na vijana hulisikiliza kuliko somo la vizuizi vya ndoa. Sisi tuliongeza neno letu wenyewe. Tuliwaambia vijana wanaume: "Siku chache kabla ya mwezi mke wako atakuwa mkali. Usimjibu. Andika siku zake katika daftari, na zikikaribia, nyamaza, ngoja zipite." Tuliona tumewapa dawa ya amani nyumbani.

Basi, siku moja akaja baba mmoja tuliyemfundisha, ameshika daftari mkononi, na mkewe yuko nyuma yake. Mama huyo jana yake alikuwa amemtukana mama mkwe mbele ya wageni, kwa neno ambalo hatutaliandika hapa. Baba akaweka daftari juu ya meza, akafungua. "Mwalimu, tazama mwenyewe. Jana ilikuwa siku ya ishirini na sita. Mwezi uliopita alipopiga kelele ilikuwa ya ishirini na tano. Na mimi sikumjibu, kama mlivyotufundisha."

Mama hakukana. Alingoja mumewe amalize, ndipo akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, na ile fedha, nayo huenda mwezini?"

Hatukuelewa. Akatueleza. Zamu yake ya likelemba ilikuwa imefika, akapokea fedha, naye alitaka kununua ndagala za kuuza sokoni. Mumewe akaichukua fedha ile, akampa mdogo wake aliyesema anakwenda kutafuta kazi mgodini na kwamba atairudisha. Mama aliuliza mara ya kwanza, kwa upole, usiku baada ya chakula. Akaambiwa: tutaongea. Akauliza mara ya pili, wiki iliyofuata. Akaambiwa: usinisumbue. Mara ya tatu hakuuliza. Alipiga kelele, na kelele ile ilimwangukia mama mkwe, aliyekuwa anamsifu mwanawe mdogo kwa safari yake.

Tukatazama daftari tena. Siku mama alipopiga kelele ziliandikwa, na mstari chini yake. Siku alipouliza kwa upole hazikuandikwa.

*

Maswali ni mawili, nayo watu huyachanganya. La kwanza: mwanamke akisema neno baya katika siku zile zinazotangulia damu, je, ana kosa? La pili: neno alilolisema katika siku zile, je, ni la kweli? Sisi tulikuwa tumejibu yote mawili kwa pamoja, bila kufikiri, tukasema: hana kosa, maana ni mwili; na neno lake si kitu, maana ni mwili. Jibu la kwanza lilionekana kuwa huruma. La pili lilipita nyuma ya lile la kwanza kama mwizi anayepita nyuma ya mgeni.

Kabla ya kujibu, yatupasa kujua wenye elimu wameona nini. Maana watu wengine wasema yote ni damu, wengine wasema yote ni mawazo ya wanawake, na kila upande wajiona una sayansi.

Ugomvi huu si mpya. Katika mwaka mmoja tu, 1931, waliandika watu wawili. Robert Frank, mganga wa New York, alieleza habari za wanawake 15 waliokuwa na uchungu mwingi wa moyo siku chache kabla ya mwezi, akatafuta sababu katika vifuko vya mayai na katika homoni, yaani zile chembe ambazo mwili huzitia ndani ya damu ili kutoa amri kwa viungo vingine. Naye Karen Horney, mganga wa roho aliyekuwa Berlin, aliandika juu ya uchungu huohuo, lakini yeye akautafuta katika tamaa na mahangaiko ambayo mwanamke hakuruhusiwa kuyatamka. Mmoja alitazama mwili, mwingine alitazama moyo. Baada yao, katika mwaka 1953, Raymond Greene na Katharina Dalton wa Uingereza waliupa ugonjwa ule jina ambalo waganga wanalitumia hata leo, yaani jumla ya dalili zinazotangulia mwezi. Jina likapata nguvu, na watu wengi wakadhani kwamba jambo likipata jina la kiganga basi limekwisha elezwa.

Halikuelezwa. Katika mwaka 1998 waganga wa Marekani, Peter Schmidt na wenzake, walifanya jaribio lenye maana kubwa. Walichukua wanawake wenye taabu ile na wanawake wasio nayo, wakazizima homoni zao kwa dawa. Wengi wa wale wenye taabu wakapata nafuu. Kisha wakarudishiwa homoni, na taabu ikarudi. Lakini wale wasio na taabu walipozimiwa na kurudishiwa homoni zilezile, hawakuona kitu. Maana yake ni nini? Si kwamba damu ya mmoja ina sumu kuliko damu ya mwenzake. Homoni ni zilezile, kwa kadiri ileile. Kinachotofautiana ni yule anayezipokea, yaani ubongo wake na mishipa yake ya fahamu. Mvua ileile yanyesha juu ya nyumba mbili. Moja yavuja, nyingine haivuji.

Hapo twaona kwamba mwili una sehemu yake, na ni sehemu ya kweli. Asiseme mtu kwamba ni mchezo.

Lakini sikilizeni na hili. Katika mwaka 1977 mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Princeton, Marekani, jina lake Diane Ruble, aliwaita wanawake 44 wanaosoma pale. Kwa hesabu zake wote walikuwa wamebakiza siku sita au saba hivi kabla ya mwezi. Akawaambia kwamba kuna mashine mpya inayoweza kujua siku ambayo damu itakuja. Hapakuwa na mashine ya namna hiyo. Baadhi yao akawaambia: mwezi wako utakuja kesho au kesho kutwa. Wengine akawaambia: bado siku saba mpaka kumi. Wengine hakuwaambia neno. Ndipo akawauliza juu ya miili yao. Wale walioambiwa kwamba mwezi uko mlangoni walieleza kuvimba mwili na maumivu kuliko wenzao walioambiwa bado, ijapokuwa wote walikuwa katika siku zilezile.

Je, walisema uwongo? Hapana. Sisi twaweza kulielewa jambo hili pasipo kwenda Princeton. Mtu akiambiwa kwamba njiani kuna nyoka, kila mzizi atauona kuwa nyoka, na moyo wake utapiga kwa kweli, si kwa mchezo. Mwili daima una maneno mengi madogo: mgongo unauma kidogo, tumbo limejaa, usingizi haukutosha. Siku nyingine hatuyasikilizi. Lakini mtu akifundishwa tangu utoto kwamba siku fulani ni siku za ubaya, basi siku hizo huyasikiliza yote, na kila analolisikia huliweka katika mfuko huo mmoja. Akikasirika siku ya kumi, husema: fulani amenikasirisha. Akikasirika siku ya ishirini na sita, husema: ni mwezi wangu. Huenda fulani huyo amemkasirisha siku zote mbili.

Katika mwaka 2012 waganga wa Kanada, Sarah Romans na wenzake, walikusanya uchunguzi 47 ambao ndani yake wanawake waliandika hali ya moyo siku kwa siku, pasipo kungoja kukumbuka baadaye. Kama yale tunayoyasema barabarani yangekuwa kweli, wote au karibu wote wangeonyesha moyo unaoanguka kabla ya mwezi na kuinuka baada yake. Walioonyesha hivyo waziwazi walikuwa saba tu. Katika uchunguzi mwingine moyo ulikuwa mzito vilevile katika siku za damu zenyewe, au haukufuata mwezi kabisa.

Twalisema hili kwa hadhari, kwa sababu tulipomwambia Sista wa dispansari, alitukemea. "Ninyi walimu," alisema, "mwataka yote yawe ya mwili au yote yawe ya moyo, mpate kuhubiri kwa urahisi." Kisha akatueleza habari ya wale ambao taabu yao si ndogo. Wako wanawake ambao kila mwezi, siku tano au saba kabla ya damu, hushuka kama mtu anayeshuka kisimani: hulia bila kujua sababu, hukosa usingizi, huchukia hata watoto wao, na wengine hufikiri kujiua. Damu ikija, siku mbili tatu baadaye, wamepona kabisa, na huona haya kwa yale waliyoyawaza. Hao ni wachache. Waganga huhesabu kati ya 3 na 8 katika 100. Ugonjwa wao uliandikwa kwa jina lake katika kitabu cha waganga wa akili wa Marekani mwaka 2013, na sasa umo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022. Dawa zake ziko. Mume anayemwambia mwanamke wa namna hiyo "omba tu, itapita" amtenda vibaya, na katekista anayemwambia vivyo hivyo amtenda vibaya zaidi, kwa kuwa asemapo yeye huonekana kwamba Mungu amesema. Mwanamke anayewaza kujiua apelekwe kwa waganga siku hiyohiyo, asingoje damu.

Na watamjuaje mgonjwa wa namna hiyo? Sista alisema: kwa kuandika. Aandike yeye mwenyewe, si mumewe. Aandike kila siku, siku njema na siku mbaya, kwa miezi miwili isiyopungua. Hapo ndipo mganga anaweza kuona kama moyo wafuata mwezi, au kama huzuni iko siku zote na huzidi tu zile siku za mwisho. Maana iko huzuni ya namna hii ya pili, nayo ni nyingi: mama ana mzigo mwezi mzima, na mwili unapochoka, mzigo ule huonekana. Watu wasema ni mwezi, kumbe mwezi umeufunua tu.

Tulifikiri sana juu ya daftari la yule baba. Sista aliagiza siku zote ziandikwe. Baba aliandika siku za makosa tu. Na sisi ndio tuliompa kalamu.

*

Turudi sasa kwa swali la kwanza: kosa.

Seminarini tulijifunza kwa Mtakatifu Toma wa Akwino kwamba si kila analolifanya mtu ni tendo la kibinadamu kamili. Mtu anayejikuna ndevu huku akiwaza mambo mengine, afanya tendo, lakini hakulichagua kwa akili. Tendo la kibinadamu ndilo lile linalotoka katika akili na utashi. Tena Toma afundisha kwamba msukumo wa moyo unaotangulia utashi, kama hasira inayomvamia mtu kabla hajapata nafasi ya kufikiri, hupunguza kosa. Hauliondoi kila mara, lakini hulipunguza. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 yasema kwamba uwajibikaji wa mtu waweza kupungua kwa sababu ya hofu, mazoea, na mambo mengine ya nafsi au ya maisha yake na watu.

Basi mtu aliyelala vibaya usiku tatu, ambaye tumbo lamkaza na kichwa chamwuma, na ambaye ubongo wake umepokea homoni kwa ukali, akitoa neno baya, hakulitoa kwa uhuru uleule wa mtu mzima wa afya aliyelala vizuri. Hilo ni haki kulisema. Padri asikilizaye maungamo hulipima. Mume naye yampasa kulipima.

Lakini kupungua si kuisha. Mahakama za Uingereza zililiona jambo hili katika miaka ya 1980 na 1981, walipoletwa wanawake wawili, kila mmoja kwa kesi yake, walioua watu, na Katharina Dalton akatoa ushahidi kwamba waliugua ugonjwa ule. Mahakama hazikusema kwamba hawakuua, wala hazikusema kwamba ni sawa. Zilikubali kwamba uwajibikaji wao ulikuwa umepungua, zikatoa hukumu nyepesi kuliko ile ya kuua kwa kusudi. Watu wengi wakati ule walifurahi, wakisema wanawake wamehurumiwa. Wanawake wengine hawakufurahi, na sisi twaona walikuwa na sababu.

Maana tazameni jambo lililotokea Marekani mwaka 1970. Mganga mmoja, Edgar Berman, aliyekuwa katika kamati ya chama cha Demokrasia, alisema kwamba wanawake hawafai vyeo vikubwa vya serikali kwa sababu ya homoni zao. Mbunge Patsy Mink wa Hawaii alimpinga waziwazi, akataka aondolewe, na mganga yule akaacha nafasi yake katika kamati. Waona jinsi neno la huruma linavyogeuka? Leo wasema: msimhesabie kosa, hakuwa na akili zake. Kesho wasema: msimpe kiti cha baraza, si mtu wa akili zake siku zote. Ni kamba ileile. Anayekubali kufungwa nayo apate msamaha, atavutwa nayo anapotaka kusikilizwa.

Na kwa nini kamba hii wafungiwe wanawake peke yao? Sisi wanaume tuna siku zetu. Mwalimu wa shule ambaye mshahara wake umekawia miezi mitatu, akirudi nyumbani, watoto hutoka nje kwa mlango wa nyuma. Sisi makatekista twajua hasira ya njaa; hatutaki kulisema sana. Yuko na baba ambaye kila Jumatatu asubuhi ni simba kwa sababu ya pombe ya Jumapili. Je, mke wake ameandika Jumatatu zake katika daftari? Na baba huyo akilalamika kwamba watoto hawana karo, nani atamwambia, "Nyamaza, ni Jumatatu yako"? Watajadiliana naye juu ya karo.

Kwa hiyo twajibu swali la kwanza hivi: kosa lake laweza kupungua, na mara chache sana, kwa wale wagonjwa kweli, laweza kupungua sana. Lakini ni yeye mwenyewe anayepaswa kulipima mbele ya dhamiri yake, naye ni mwenye haki ya kuomba msamaha kama mtu mzima. Tumesema haki, si wajibu tu. Unapomwambia mtu "usiombe msamaha, haikuwa wewe," umemnyima kitu.

*

Swali la pili ni rahisi zaidi, na ndilo tulilolikosea zaidi.

Ukweli wa neno haupimwi kwa siku lililosemwa. Kama fedha ilichukuliwa, ilichukuliwa. Homoni haziwezi kuchukua fedha ya likelemba. Mtu mwenye homa akipiga kelele kwamba nyumba inaungua, hatutazami kwanza homa yake, twatazama paa.

Lakini iko sababu nyingine, nayo ndiyo iliyotugusa zaidi. Wako wachunguzi wa Australia, Jane Ussher na wenzake, waliozungumza na wanawake wengi juu ya siku hizi. Waliona jambo ambalo mama zetu wangeweza kutuambia bure: mwanamke wa namna hii mara nyingi hujinyamazisha siku ishirini na zaidi. Afanya kazi, apika sombe, abeba maji, asikiliza mama mkwe, asema ndiyo. Amefundishwa kwamba mke mwema hanung'uniki. Siku chache kabla ya mwezi, nguvu za kujizuia zapungua, na lile lililofichwa latoka. Latoka vibaya, kwa sababu limekaa ndani muda mrefu. Halafu yeye mwenyewe aona haya, asema: ni mwezi, nisameheni, alirudisha ndani, na mwezi mpya waanza. Katika mwaka 2017 wachunguzi hao walitangaza matokeo ya jaribio ambalo ndani yake wanawake wengine walisaidiwa peke yao na wengine pamoja na wenzi wao. Wote walipata nafuu kuliko wale walioachwa wangoje, na wale waliosaidiwa pamoja na wenzi wao waliona mabadiliko zaidi katika uhusiano wenyewe. Twauliza: kama jambo lote lingekuwa ndani ya homoni za mke, kumsaidia mume kusikiliza kungefaa nini?

Basi zile siku ambazo sisi tuliwaambia vijana wanyamaze, huenda ndizo siku pekee mke wake anaposema. Tuliwafundisha kuziba masikio katika saa ileile moja ambayo mlango ulifunguka. Tulikuwa na nia njema, hilo twalisema kwa kujitetea, na utetezi wetu ni mdogo.

Mtu atatuuliza: je, mume ajibu papo hapo, kelele kwa kelele? Hapana. Kunyamaza usiku ule kwaweza kuwa hekima, kama vile mtu hakati mti wakati wa dhoruba. Kosa si kunyamaza usiku ule. Kosa ni kutolirudia jambo kukicha. Siku hizi, chini ya mwembe, twawaambia wachumba: shika neno alilolisema, liweke, na wewe mwenyewe, mume, ulirudishe siku ya kumi, wakati wote wawili mmepumzika. Sema: mama, siku ile ulisema hivi, tuongee. Kama siku ya kumi jambo lenyewe si kitu tena kwake, atakuambia, na mtacheka. Kama bado ni jambo, basi lilikuwa jambo tangu mwanzo.

Mchumba mmoja, binti mwenye macho makali, alituuliza: "Mwalimu, na asipolirudisha?" Tulifikiri kidogo. Tukamwambia alirudishe yeye, mbele ya mashahidi wa ndoa yao. Hatukuridhika na jibu letu, naye hakuonekana kuridhika; aliandika kitu katika daftari lake mwenyewe.

Kuhusu wale wawili. Mama alikwenda kwa mama mkwe na kuku mmoja, akaomba msamaha kwa lile tusi. Tulikuwapo. Alisema: "Mama, lile neno nilikutukana bure, nisamehe. Habari ya fedha si yako, nitaongea na mwanao." Mama mkwe alipokea kuku, akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba yeye habari ya fedha hakuijua. Kumbe hakuambiwa; alidhani mwanawe mdogo amesafiri kwa fedha yake mwenyewe.

Baba alikaa nje muda mrefu. Kisha akampigia simu mdogo wake mbele ya wote.

Nusu ya fedha ilirudi kabla ya Kwaresima, na mama amenunua ndagala. Nusu ya pili bado. Yule mdogo asema kazi ya mgodini si kama alivyoambiwa.